Kinga ya safari ndefu: namna ya kuitengeneza isiuvunje mwili wa mama



Tangu mvua ilipokatika, wengi wetu wamerudi kwenye njia za vijiji. Wanakwenda upande wa Mutshatsha, upande wa Musokatanda, upande wa ziwa la Nzilo, au wanafuata barabara kubwa mpaka Kisanfu. Wanatafuta mahindi, mihogo, karanga, viazi vitamu na makala, kwa sababu bei ya soko la Kolwezi imewashinda. Wengine wanalipa pikipiki, na sehemu kubwa ya faida inabaki mfukoni mwa dereva. Wengine wanatembea na mzigo kichwani, mtoto mgongoni. Na wako wanaopanda kinga, yaani baiskeli. Juma hili tunaandika kwa ajili yao, na kwa ajili ya wale wanaotamani lakini wanaogopa.

Malalamiko tunayoyasikia mikutanoni ni yale yale. Kilomita kumi za kwanza zinapita vizuri. Zikifika ishirini, mikono inakufa ganzi. Zikifika thelathini, mgongo unakataa, magoti yanawaka, na kesho yake mama hawezi kuketi kwenye kiti. Halafu majirani wanasema: unaona, kinga si kazi ya mwanamke.

Sisi hatukubali. Mwili wa mama unaobeba maji, mtoto na kuni hauwezi kushindwa na chuma chenye magurudumu mawili. Shida ni kwamba kinga tunazonunua hazikupimwa kwa miili yetu. Zinatoka dukani jinsi zilivyo, tunazipanda jinsi zilivyo, na tunaumia. Kinga inatengenezwa, kama nguo inavyotengenezwa na fundi wa kushona: unanunua kitambaa, kisha unakikata kwa kipimo chako.

KINGA HIZI ZILITOKA WAPI

Umbo la kinga kubwa nyeusi tunayoijua lilitengenezwa Uingereza, zaidi ya miaka 100 iliyopita. Raleigh ya mji wa Nottingham ilikuwa kati ya zilizojulikana sana Afrika. Baadaye Wahindi wakatengeneza za kwao, kama Hero, na Wachina za kwao, kama Phoenix ya Shanghai. Zote zinafanana: fremu ya chuma kizito, magurudumu makubwa ya inchi 28 yanayopita juu ya mashimo, usukani uliopinda kurudi nyuma, na mtu anaketi wima. Kwa safari ndefu kwenye njia mbaya, umbo hilo si baya hata kidogo. Tunaanzia mahali pazuri.

Kwetu, kinga iliingia na kazi ya shaba. Mji wa Kolwezi ulianzishwa mwaka wa 1937 kwa ajili ya migodi ya Union Minière, na wazee wetu wanakumbuka kwamba mwanaume mwenye kinga alikuwa mwanaume mwenye mshahara. Ilikuwa mali ya baba. Mama alibebwa nyuma siku ya sikukuu. Mwaka wa 1967 migodi ikawa ya serikali, baadaye kampuni ikaitwa Gécamines, na miaka ya 1990 kampuni hiyo ilipoanguka, mishahara ikakatika. Ndipo jamaa nyingi zikageukia shamba na makala, na kinga ya fahari ikawa punda wa mizigo. Lakini punda huyo alibaki mikononi mwa wanaume, na wamama wakabaki na kichwa na miguu.

Watu wengine wameigeuza kinga kwa mahitaji yao, nasi tunaweza kujifunza kwao. Kisangani, vijana wanaofanya toleka waliweka kiti chenye godoro nyuma, na mji mzima ukasafiri juu yake. Busia, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, boda boda za kwanza zilikuwa baiskeli, kutoka miaka ya 1960, na wao pia walianza kwa kushona mto wa abiria. Jirani zetu wa Zambia wanazijua kinga za Buffalo za shirika la World Bicycle Relief, lililoanzishwa mwaka wa 2005: fremu nzito, spoki nene, freni ndani ya gurudumu la nyuma, na kibebeo cha kuchukua kilo 100. Miaka ya 2017 na 2018 uchunguzi ulifanywa Zambia kwa wasichana wa shule waliopewa kinga hizo, na muda wao wa njiani ulipungua kwa karibu theluthi moja, na siku za kukosa shule zikapungua pia. Wasichana hao walipanda kwa sketi ya shule, kwenye njia za mchanga kama zetu.

KITI NDICHO KINAANZA

Mama akituuliza aanzie wapi, tunamwambia: kwenye kiti. Maumivu mengi ya magoti, ya kiuno na ya mgongo yanatoka hapo, na kulitengeneza hakuhitaji feza, kunahitaji ufunguo wa fundi na dakika kumi.

Kwanza urefu. Egemeza kinga ukutani, panda, uketi. Weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu uwe umenyooka, bila kiuno kuinama upande mmoja. Hapo kiti kiko sawa, kwa sababu ukikanyaga kwa sehemu ya mbele ya wayo, kama inavyotakiwa, goti litabaki limepinda kidogo tu. Kiti kikiwa chini mno, magoti yanabeba kazi yote na yataumia upande wa mbele. Kikiwa juu mno, kiuno kinacheza kushoto na kulia kila ukikanyaga, na jioni utalala kwa tumbo. Wamama wengi wanashusha kiti ili wafike chini kwa miguu yote miwili. Ni vizuri kwa juma la kwanza la kujifunza. Kwa safari ya kilomita 40 ni adhabu. Jifunze kushuka mbele ya kiti ukitaka kusimama, kisha kiti kipandishwe. Na fundi aache sehemu ya bomba la kiti isiyopungua vidole vinne ndani ya fremu, ama sivyo litapinda au kuvunjika.

Pili, kiti kilale sawa kama meza. Pua yake ikielekea juu, inakandamiza sehemu laini za mwanamke, na mama anapata maumivu ambayo anaona haya kuyasema. Ikielekea chini, mwili unateleza mbele na mikono inabeba uzito wote. Weka sahani juu ya kiti na uitazame kwa upande. Macho yatakwambia.

Tatu, upana. Mifupa miwili tunayoikalia iko mbali zaidi kwa mwanamke kuliko kwa mwanaume, kwa sababu nyonga zetu zimetengenezwa kwa kuzaa. Kiti chembamba kinaiacha mifupa hiyo hewani, na uzito unaangukia nyama ya katikati. Tafuta kiti kipana nyuma, chenye springi mbili za chuma chini yake. Vya zamani vya ngozi vinapatikana bado kwa wauza vitu vya mkono wa pili.

Nne, mto. Hapa watu wengi wanapotea, wakifikiri kwamba laini zaidi ni bora zaidi. Godoro laini sana linazama, kisha katikati linasukuma juu. Chagua sifongo ngumu, unene wa vidole viwili, ifunikwe kwa kitambaa cha pamba kinachonyonya jasho. Plastiki inachoma na inateleza. Fundi anayeshona viti vya pikipiki anaweza kuifanya kazi hiyo kwa saa moja. Mwambie aache mfereji mdogo katikati, kuanzia mbele kwenda nyuma. Mama aliyeketi juu ya mto wenye mfereji hatarudia mwingine.

MIKONO NA USUKANI

Ganzi ya vidole inatoka kwenye mshipa unaopita katikati ya kiganja na mwingine upande wa kidole kidogo. Ukiiegemea kwa saa mbili inalala. Dawa yake ni kuondoa uzito mikononi. Usukani upandishwe mpaka ulingane na kiti, au uwe juu yake kidogo. Viwiko vibaki vimepinda kidogo, kama unapokanda unga, visinyooke kama fimbo, kwa sababu mkono uliopinda unameza mishtuko ya mashimo na mkono ulionyooka unaipeleka mabegani.

Usukani uliopinda kurudi nyuma, ule wa kinga za zamani, unaacha viganja vitazamane, na ndiyo namna ambayo mikono inapumzika yenyewe. Ukinunua kinga ya kisasa yenye usukani ulionyooka, unaweza kumwomba fundi akubadilishie. Vishikio navyo vifungwe kwa kitambaa, halafu juu yake kanda ya mpira wa ndani uliochakaa, izungushwe vizuri. Mkono unashika kitu kinene kidogo, hautelezi kwa jasho, na mtikisiko unapungua. Mwisho, pima mkono wa freni. Vidole vyetu ni vifupi. Kama lazima uachie usukani ili ufikie freni, siku moja utachelewa.

FREMU NA KIKWEMBE

Kuna fremu ya bomba la juu lililonyooka, na kuna ile ambayo bomba limeshuka, tunayoiita ya wanawake. Ya pili inakuruhusu kupanda na kushuka ukiwa na kikwembe, bila kurusha mguu juu ya mzigo. Uzuri huo una gharama yake: fremu hiyo inapinda kwa urahisi zaidi ukiweka mzigo mzito nyuma, na usukani unaanza kutikisika kama homa. Kama utabeba zaidi ya kilo 40 mara kwa mara, mwombe fundi wa kuchomelea aongeze bomba la pili sambamba na lile la chini. Kama kinga uliyo nayo ni ya bomba lililonyooka, usiiuze. Jifunze kupandia mbele ya kiti: unailaza kinga kidogo upande wako, unapitisha mguu juu ya bomba, kisha unainua.

Kikwembe na spoki havipatani. Nguo ikiingia kwenye gurudumu la nyuma, mama anaanguka papo hapo. Pande zote mbili za gurudumu la nyuma fundi afunge wavu wa kamba au wa nailoni, kutoka juu ya matope mpaka kwenye kati. Cheni nayo iwe na kifuniko cha bati. Chini ya kikwembe vaeni suruali fupi. Si haya. Ni kinga ya pili juu ya kinga.

MAGURUDUMU NA CHENI

Gurudumu la nyuma ndilo linabeba sehemu kubwa ya uzito. Kinga za inchi 28 za mtindo wa zamani mara nyingi zina spoki 32 mbele na 40 nyuma, na ndiyo sababu zinadumu. Lakini spoki hazidumu zikiwa zimelegea. Baada ya safari mbili au tatu za kwanza na mzigo, zinalegea zote. Zigonge moja moja kwa kijiko. Zikitoa sauti inayofanana, ni nzima. Ile inayotoa sauti nzito na dhaifu inahitaji kukazwa. Ukisubiri, moja itakatika, halafu jirani zake, na utaisukuma kinga mpaka nyumbani.

Mpira wa nje uwe mpana kadiri fremu inavyoruhusu. Hewa iwe ya kutosha: ukibonyeza mpira wa nyuma kwa kidole gumba kwa nguvu, uingie kidogo tu. Mpira mlegevu unachosha miguu na unakatwa na mawe. Upande wa ndani, kati ya mpira wa nje na wa ndani, laza kanda iliyokatwa kutoka mpira wa nje uliochakaa. Miiba na vipande vya waya vya barabara ya kamio vinasimama hapo. Safari bila pompi, viraka, gundi na ufunguo si safari.

Sasa miteremko na vilima. Kinga hizi hazina gia za kubadilisha, hivyo chagua vizuri ile moja uliyo nayo. Tuseme gurudumu la mbele la cheni lina meno 44, na la nyuma lina meno 18. Kila ukizungusha pedali mara moja, kinga inakwenda karibu mita 5 na nusu. Ni vizuri kwa mwanaume asiye na mzigo kwenye lami. Ukiweka la nyuma lenye meno 22, kila mzunguko unakwenda karibu mita 4 na nusu. Unakwenda polepole zaidi, lakini kila mkanyago ni mwepesi, na kilima ulichokuwa unakisukuma utakipanda umeketi. Magoti yako yatakushukuru. Kipande hicho kidogo kinauzwa peke yake, na pengine cheni itaongezwa pingili mbili tatu. Katika kazi zote tunazozitaja hapa, baada ya kiti, hii ndiyo inayobadilisha safari zaidi.

MZIGO UKAE CHINI

Tumezoea kuona kinga za makala zilizopakiwa juu kuliko kichwa cha anayezisukuma. Zile zinasukumwa, hazipandwi. Anayepanda lazima mzigo wake ukae chini na karibu. Fundi wa kuchomelea anaweza kutengeneza kibebeo cha vyuma vya ujenzi, chenye mabawa mawili pembeni mwa gurudumu la nyuma. Mahindi na vitu vizito vinaingia kwenye mabawa, kilo sawa kushoto na kulia. Juu unaweka vyepesi: sombe, lengalenga, nguo. Kibebeo kisibaki nyuma sana. Sehemu nzito iwe juu ya kati ya gurudumu au mbele yake kidogo, ama sivyo gurudumu la mbele litanyanyuka kwenye kilima.

Funga kwa kanda za mpira wa ndani, zinavuta na hazilegei kama kamba. Funga kila mfuko peke yake kwanza, kisha yote pamoja. Kabla ya kupanda, shika kiti na uitikise kinga kwa nguvu. Kinachocheza nyumbani kitaanguka barabarani. Weka pia egemeo la miguu miwili, ili kinga isimame yenyewe wakati wa kupakia, maana mama aliye peke yake hana mtu wa kumshikia.

Kilo ngapi? Kwa miezi miwili ya kwanza tunashauri mzigo usizidi nusu ya uzito wako mwenyewe. Mwili ukizoea, ongeza kidogo kidogo. Mtoto na mzigo mzito visipandishwe pamoja.

BARABARA YA KAMIO

Hapa lazima tuseme wazi. Kutoka Kolwezi mpaka Likasi ni karibu kilomita 180, na barabara hiyo moja inabeba shaba na kobalti zinazotoka, na mafuta, chokaa na asidi zinazoingia. Kamio zinafuatana mchana na usiku. Mwezi wa pili wa mwaka wa 2019, karibu na Tenke, kamio ya asidi iligongana na magari mengine na watu karibu 20 walikufa, wengi wao wasafiri na wanakijiji. Hatuandiki hivi kutisha mtu. Tunaandika kwa sababu mama anayepanda kinga kwenye barabara hiyo anahitaji matengenezo mengine, zaidi ya mto laini.

La kwanza ni freni. Freni za vyuma na mpira zinazobana ukingo wa gurudumu zinafanya kazi vizuri zikiwa kavu. Zikiwa na maji, karibu hazishiki. Wakati wa mvua, gusa freni kidogo kidogo mapema ili ukingo ukauke, kisha ubane. Kwenye mteremko mrefu ukiwa na mzigo, shuka, uisukume. Kama una namna ya kupata gurudumu la nyuma lenye freni ndani, ile ya kukanyaga pedali kinyumenyume, lichukue. Haiogopi mvua.

La pili ni kuonekana. Kitambaa cheupe au cha njano mgongoni, kipande cha kioo chekundu kinachong'aa nyuma ya kibebeo, na vingine kwenye pedali. Kioo kidogo cha pikipiki kifungwe upande wa kushoto wa usukani, kwa sababu sisi tunapita kuume na kamio inatupita kushoto. Ukiona kamio mbili zinakutana mahali ulipo, toka kwenye lami, simama, ziache zipite. Hakuna mfuko wa mahindi wenye thamani ya dakika hiyo.

La tatu ni saa. Ondoka alfajiri mara kunapopambazuka, ujue umefika kabla jua halijazama. Usiku hatupandi. Tembeeni wawili au watatu. Vumbi la miezi ya kiangazi ni jingi karibu na migodi, basi funika pua na mdomo kwa kitambaa chenye unyevu kidogo.

Na kamio ya asidi ikianguka mbele yako, geuka, uende upande ambao upepo unatoka, uwaonye wengine. Usiguse kimiminika, hata kama watu wanachota kitu. Asidi ikikurukia, vua nguo iliyolowa na ujimwagie maji safi mengi kwa muda mrefu, kisha kituo cha afya.

MWILI WENYEWE

Kinga nzuri haitoshi kama mwili umesahauliwa. Kunywa maji kabla ya kusikia kiu, kidogo kidogo, kila nusu saa. Fundi akufungie kishikio cha chupa kwenye bomba la fremu, mahali mkono unapofika. Asubuhi kula bukari au uji mzito, na njiani uwe na karanga, ndizi au muhogo uliochemshwa. Kila saa moja shuka, tembea dakika tano, nyoosha mgongo.

Ngozi inayosuguana inatoa vidonda. Vaa nguo ya ndani ya pamba isiyo na mshono mkubwa katikati, safi na kavu. Ukifika, oga na ubadilishe mara moja. Paka mafuta mahali panaposuguana kabla ya kuondoka. Siku za mwezi zinabeba uamuzi wako mwenyewe: wengine wanapanda bila shida, wengine wanapumzika.

Mama mwenye mimba asifuate maneno ya jirani, wala yetu. Amwulize mkunga au muuguzi wa kituo cha afya, na mizigo mizito aiache. Aliyejifungua karibuni, au aliyepasuliwa, asubiri ruhusa ya hospitali. Ukisikia ganzi ya sehemu za chini inayodumu, au maumivu ya mkojo, kaguzeni kiti kwanza, na kama haiondoki, muone muuguzi.

MAKUTA NA MAZUNGUMZO YA NYUMBANI

Si lazima kufanya yote kwa siku moja. Tunashauri mpango huu. Juma la kwanza: urefu wa kiti na usukani, kazi isiyo na gharama. Kisha freni na wavu wa gurudumu, kwa sababu vinaokoa maisha. Kisha mto wa kiti. Kisha meno ya nyuma. Kibebeo cha mabawa kije mwisho, ukiwa umejua kweli unabeba nini.

Hesabu yake ifanyeni kwenye karatasi. Andika unacholipa pikipiki kwa safari moja. Andika bei ya kinga pamoja na matengenezo. Gawanya. Kama jibu ni safari 40, na wewe unakwenda kijijini mara mbili kwa juma, ndani ya majuma 20 kinga imejilipa. Baada ya hapo, makuta ya pikipiki yanabaki nyumbani, isipokuwa ya mipira na viraka. Wamama watatu wakichanga, wanaweza kununua moja na kupokezana siku, mradi kila mmoja ajue alama ya urefu wa kiti chake. Paka rangi ya kucha kwenye bomba la kiti, kila mama na rangi yake.

Linabaki neno la baba wa nyumba. Kuna nyumba ambamo mama akipanda kinga, baba anaona kwamba anadharauliwa mtaani. Hatuwaambii wamama wapigane. Tunawaambia wamwonyeshe baba karatasi ile ya hesabu, kisha wamwombe yeye mwenyewe apime urefu wa kiti na kukaza spoki. Mwanaume aliyeikaza kinga ya mke wake kwa mikono yake ataitetea mbele ya marafiki zake. Na wale wenye binti mkubwa, mfundisheni sasa. Atakayejifunza akiwa na miaka 12 hataogopa akiwa na 30.

Kwenye mkutano wetu wa siku ya posho inayokuja, wenye kinga waje nazo. Tutapima viti, tutagonga spoki, na atakayehitaji fundi wa kushona au wa kuchomelea ataelekezwa. Ambaye hana kinga aje pia, apande ya mwenzake kuzunguka uwanja. Njooni na vikwembe vyenu vya kila siku, kwa sababu ndivyo mtakavyovaa njiani.